Mtakatifu John Fisher, askofu mwenye jina la mvuvi

Majina mengi ya ukoo ya Waingereza yalianza kama majina ya kazi. Smith ni mhunzi, Baker ni mwoka mikate, Fisher ni mvuvi. Jina hili la mwisho limebebwa na watu wa kila aina, hata na Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury aliyemtembelea Papa Yohane XXIII mwaka 1960. Kwetu Wakatoliki Fisher wa kwanza ni John, askofu wa Rochester, ambaye kwao hawakuvua samaki: baba yake aliuza vitambaa mjini Beverley.

Alipata daraja ya upadre mwaka 1491, akawa muungamishi wa Bibi Margaret Beaufort, mama yake Mfalme Henry VII. Kwa fedha za mama huyo na usimamizi wa Fisher vilianzishwa vyuo viwili huko Cambridge, Christ's na St John's, maana alitaka mapadre wanaojua kuhubiri. Yeye mwenyewe alianza Kigiriki akikaribia miaka hamsini. Waseminari wanaolia na sarufi walikumbuke hilo.

Mwaka 1504 alifanywa askofu wa Rochester, mojawapo ya majimbo maskini kabisa ya Uingereza. Kwa wengine lilikuwa ngazi ya kupandia kwenye jimbo lenye mapato. Fisher alikaa hapo miaka 30.

Kisha Mfalme Henry VIII akataka ndoa yake na Malkia Katarina itangazwe batili. Mwaka 1529 Fisher alisimama mahakamani kuitetea, akijilinganisha na Yohane Mbatizaji, aliyekufa kwa sababu ya jambo kama hilo. Mfalme hakusahau. Mwaka 1534 kilipoletwa kiapo cha kuwakubali warithi wa ndoa mpya, kikiwa na maneno ya kukana mamlaka ya Papa, maaskofu wenzake waliapa. Yeye peke yake alikataa. Akafungwa katika Mnara wa London, mzee na mgonjwa.

Mei 1535 Papa Paulo III alimfanya kadinali. Cheo hicho hakikumkinga, kilimchongea. Henry aliizuia kofia isivuke bahari kutoka Calais, akaahidi kwamba ikifika haitakuta kichwa cha kuvikwa.

Alfajiri ya 22 Juni aliamshwa na kuambiwa kwamba atauawa asubuhi hiyo. Aliuliza ni saa ngapi, akaomba aachwe alale kidogo, na akalala kweli. Alipoamka alivaa nguo zake nzuri kuliko zote, kwa kuwa aliihesabu siku ile kama siku ya arusi. Kichwa chake kilitundikwa juu ya daraja la London, na wiki mbili baadaye mahali pake kikawekwa kichwa cha Thomas More. Papa Pio XI aliwatangaza wote wawili kuwa watakatifu siku moja, mwaka 1935, nasi huwaadhimisha pamoja kila tarehe 22 Juni.