Waziri aliyepanda ngano kwenye bustani yake
Mwaka 1966 India iliishi kwa kusubiri meli. Baada ya ukame, iliagiza kiasi cha tani milioni 10 za nafaka, nyingi zikiwa ngano ya msaada wa Marekani. Waziri wa chakula alikuwa Chidambaram Subramaniam, mwanasheria aliyezaliwa mwaka 1910 katika familia ya wakulima karibu na Pollachi, kusini mwa nchi.

Mwaka huohuo alileta kutoka Mexico tani 18,000 za mbegu ya ngano fupi, isiyoanguka inapotiwa mbolea nyingi. Wapinzani walidai anapoteza fedha za kigeni. Yeye akaipanda kwenye bustani ya nyumba yake ya uwaziri mjini Delhi.

Mbegu peke yake isingetosha. Mkulima gani atakopa mbolea bila kujua atauza kwa bei gani? Ndiyo maana mwaka 1965 ziliundwa tume ya bei za mazao na shirika la serikali la kununua nafaka.

Uchaguzi wa 1967 ulimwangusha. Mwaka uliofuata ngano ilifikia karibu tani milioni 17, kutoka 12 za mwaka 1965, na baadhi ya shule zikageuzwa maghala. Alifariki mwaka 2000, huku maji ya visima vya Punjab yakizidi kushuka.