Hans Berger, daktari aliyenasa umeme wa ubongo

Hans Berger alizaliwa mnamo 1873 karibu na Coburg, Ujerumani. Akiwa askari kijana, alianguka kutoka kwa farasi na akanusurika chupuchupu kusagwa na magurudumu ya mzinga. Siku iyo hiyo babake alimtumia telegramu kumjulia hali, kwa kuwa dadake aliyekuwa mbali alishikwa na hofu ya ghafla. Berger aliamini fikra zake ndizo zilizosafiri. Akaacha hisabati, akasomea udaktari.

Katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Jena, alishikilia kuwa kemia ya ubongo hugeuka kuwa joto, umeme na fikra. Kwa miaka mingi alipima damu ya ubongo, kisha joto lake, bila mafanikio makubwa. Mnamo 1924 alinasa mawimbi ya umeme wa ubongo wa binadamu, lakini hakuyachapisha hadi 1929. Wengi walimpuuza mpaka Adrian na Matthews wa Cambridge walipoyathibitisha mnamo 1934.

Ana doa lisilofutika. Chini ya Wanazi, alihudumu katika mahakama ya Jena iliyoamua nani afungwe uzazi kwa lazima, na skizofrenia ilitajwa katika sheria hiyo ya 1933. Alijitoa uhai mnamo 1941.

David Ingvar wa Uswidi ndiye aliyekuja kuoanisha mawimbi hayo na mtiririko wa damu na matumizi ya oksijeni ubongoni. Mnamo 1974, yeye na Göran Franzén waliripoti kwamba kwa wagonjwa wa skizofrenia wa muda mrefu, damu ilipungua sehemu ya mbele ya ubongo.