Edward Steere: Askofu aliyejenga kanisa juu ya soko la watumwa, na kwa nini Krismasi ina uzito wake Mkunazini

Ukiingia kanisa kuu la Anglikana pale Mkunazini, Mji Mkongwe, wanaotembeza wageni watakuonyesha duara la marumaru mbele ya altare. Watakwambia hapo ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Nyuma ya altare hiyo hiyo kuna kaburi la mtu aliyelisimamisha kanisa lenyewe. Wengi hulipita bila kuuliza ni la nani.

Ni la Edward Steere.

Mwanasheria aliyegeuka padri

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria hadi kuwa wakili, kisha akaachana na kazi hiyo akawa padri wa vijijini Uingereza. Mwaka 1864 alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya UMCA. Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana watano waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa, ambao Sultani Majid aliwakabidhi kwa misheni.

Steere hakusubiri watu wajifunze Kiingereza ndipo azungumze nao. Alikaa chini akajifunza Kiswahili cha Unguja, akauliza maneno, akasikiliza ngano na kuziandika. Mwaka 1870 vilitoka vitabu vyake viwili: kimoja cha sarufi na msamiati, kingine cha hadithi alizosimuliwa na watu wa hapa hapa.

Krismasi ya 1873

Juni 1873, kwa shinikizo kubwa la Waingereza, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko yao. Soko la Mkunazini likafungwa. Sehemu ya kiwanja ilinunuliwa na padri mmoja wa misheni, Arthur West. Sehemu nyingine ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji.

Jiwe la msingi likawekwa siku ya Krismasi, mwaka huo huo. Ibada ya kwanza nayo, miaka michache baadaye, ilifanyika siku ya Krismasi.

Hapa kuna jambo la kufikiria. Injili hazitaji tarehe aliyozaliwa Yesu. Mathayo na Luka wanasimulia kuzaliwa kwenyewe, lakini mwezi na siku hawasemi. Tarehe 25 Desemba inaonekana kwenye kumbukumbu za Roma katika karne ya 4, na kutoka huko ikasambaa hadi ikawa mapokeo ya Wakristo wengi. Kwa maneno mengine, siku yenyewe waliichagua watu ili kubeba ujumbe. Mkunazini nako siku ilichaguliwa: mahali ambapo binadamu alitiwa bei, pakaanza kusimuliwa habari za mtoto aliyezaliwa maskini.

Askofu na nguzo zake

Mwaka 1874 Steere aliwekwa wakfu kuwa askofu. Alirudi Unguja, akasimamia ujenzi mwenyewe. Paa la matumbawe na chokaa, lililopinda kama pipa bila nguzo za katikati, liliwatia watu wasiwasi. Eti litaanguka. Mpaka leo lipo.

Kuna na kisa cha nguzo. Inasimuliwa kwamba Steere alisafiri, mafundi wakazisimamisha nguzo za upande wa magharibi juu chini, naye aliporudi akaziacha hivyo hivyo. Ni hadithi ya mjini, lakini nguzo zipo, nenda ukazione.

Tusidanganyane

Jiwe lile halikumaliza utumwa. Soko lilifungwa, ila mashamba ya karafuu yaliendelea kulimwa na watumwa, na biashara ya magendo ikaendelea. Sheria ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba ilikuja 1897, Steere akiwa ameshakufa miaka 15. Yeye mwenyewe alijua kwamba kumwachia mtu hakutoshi kama hana pa kwenda. Ndiyo maana walioachiwa walipewa makazi katika shamba la misheni Mbweni, na mwaka 1876 akalisindikiza kundi lao hadi Masasi, bara, wakaanze upya.

Alichotuachia

Steere alifariki Unguja Agosti 1882, akiwa na miaka 54. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja, kazi ambayo yeye aliianza, ilikamilika na kutoka 1891. Kiunguja alichokiandika ndicho kilichokuja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu tunachokisoma leo kwenye simu, Mwislamu kwa Mkristo.

Basi siku ukipita Mkunazini, ukishaliona lile duara, piga hatua chache zaidi, zunguka nyuma ya altare. Yupo pale.