SHEIKH SHAABAN ROBERT: KALAMU ILIYOPATA FURAHA KATIKA MAMBO YA KILA SIKU

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyemneemesha mwanaadamu kwa elimu na kalamu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake wote.

Wengi wenu mnalijua jina la Shaaban Robert kwa kuwa vitabu vyake husomwa mashuleni. Lakini wachache wamejiuliza: mtu huyu alipata wapi mambo ya kuandika? Wapo wanaodhani kwamba mwandishi lazima awe mtu wa mjini, mwenye nafasi nyingi na kazi moja tu ya kuandika. Tukiyatazama maisha yake tutaona kwamba sivyo.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE
Sheikh Shaaban alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, karibu na mji wa Tanga. Watu wengine hushangaa Muislamu kuitwa Robert. Hilo ni jina la baba yake, na yeye mwenyewe aliishi Muislamu mpaka mwisho wa uhai wake.

Asili ya wazee wake ilikuwa ni Wayao, watu wa kusini, wala si wenyeji wa mwambao. Jambo hili tulizingatie sana sisi watu wa Makere. Majumbani mwetu tunazungumza Kiha. Mtoto akikosea neno la Kiswahili mbele za watu huchekwa, na akichekwa mara mbili hunyamaza, akadhani lugha hii ina wenyewe huko pwani. Basi huyu ambaye wengi humwita Shakespeare wa Kiswahili naye alitoka katika ukoo uliohamia. Lugha ni ya yule anayeitumikia.

Alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926. Wanafunzi 11 walipata cheti cha kumaliza shule, naye akawa wa pili. Masomo yake ya shule yakaishia hapo, lakini kujifunza hakukuishia hapo.

KARANI WA MCHANA
Mwaka 1926 aliajiriwa kuwa karani katika idara ya forodha, na Pangani ni miongoni mwa sehemu alizofanyia kazi. Kati ya mwaka 1944 na 1946 alifanya kazi bara, mbali na bahari aliyoizoea. Kisha alirudi Tanga, akatumikia ofisi ya wilaya na baadaye ofisi ya upimaji mpaka mwaka 1960. Hiyo ni zaidi ya miaka 30 ya kuandika barua na hesabu za serikali ya kikoloni. Vitabu vyake vingi aliviandika katika muda uliobaki baada ya kazi. Hakungoja mpaka astaafu ndipo aanze.

ALIPATA WAPI MAMBO YA KUANDIKA?
Kwanza, nyumbani kwake. Alimtungia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume akamtungia Utenzi wa Adili. Humo aliwausia watoto wake kumcha Mungu, kuwa na heshima, usafi na tabia njema. Wazazi, tulitazame hili. Baba yule hakuwa na mali nyingi ya kurithisha, akaona awaachie watoto wake maneno. Leo watu wasiohesabika wanausoma wosia ule kama kwamba walitungiwa wao.

Pili, katika huzuni. Mkewe, Amina binti Kihere, alifariki dunia na kumwacha katika majonzi makubwa. Sheikh Shaaban hakukufuru wala hakukata tamaa. Alimwandikia shairi la maombolezo lenye jina lake, na akaeleza habari zake katika kitabu cha maisha yake. Mke mwema aliyefariki miaka mingi iliyopita bado anatajwa kwa wema kwa sababu mumewe alikuwa na kalamu na shukrani.

Tatu, katika kazi ya jembe. Katika kitabu chake cha Utubora Mkulima, mtu mmoja anaacha kazi ya ofisini mjini na kwenda kijijini kulima. Kwa Sheikh Shaaban, mkulima hakuwa mtu wa kuonewa huruma. Alimwonesha kuwa mtu mwenye utulivu wa moyo, anayefurahia shamba lake, bustani yake na majirani zake. Sisi tunaopalilia maharage na mahindi katika milima hii tunayo furaha hiyo mlangoni, ila hatujazoea kuitazama.

Nne, katika hadithi za kale. Kitabu cha Adili na Nduguze kina asili yake katika masimulizi ya Alfu Lela Ulela. Aliichukua hadithi ya Waarabu akaipa Kiswahili kizuri na mafunzo juu ya uhasidi na kusameheana. Kumbe hata hadithi za bibi jikoni ni hazina kwa mwenye kusikiliza.

Tano, katika maisha ya wanyonge. Aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, aliyezaliwa katika nyumba ya kimaskini huko Fumba na kuuza vyungu kabla ya kupata sifa. Aliona kwamba mtoto wa mfinyanzi anastahili kuandikiwa kitabu.

Sita, katika dhulma aliyoiona. Mwaka 1951 kilitoka kitabu chake cha Kusadikika, habari za nchi inayoelea angani. Wajumbe wanaotumwa kutafuta mambo mema ya kuifaa nchi hiyo wakirudi hutiwa gerezani. Wasomaji wengi wameona humo sura ya utawala wa kikoloni. Mwandishi wake alikuwa karani wa utawala huo huo, mwenye watoto wa kulisha. Ilihitaji ujasiri na hekima kusema kweli kwa njia ya hadithi.

MWISHO WA SAFARI YAKE
Alifariki mwezi wa Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, miezi michache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru. Alizikwa Machui, nyumbani. Kufikirika kilitoka mwaka 1967, na Utubora Mkulima mwaka 1968. Vitabu hivyo hakuwahi kuvishika mkononi vikiwa vimechapwa. Aliandika, akaweka, akaondoka. Tunajifunza kwamba mtu hufanya jambo la kheri kwa sababu ni la kheri, hata kama hatayaona matunda yake.

MAFUNZO KWETU
1. Usingoje nafasi. Nusu saa baada ya Isha, na taa ya aina yoyote, yatosha kuandika ukurasa mmoja.
2. Usiseme kwamba huku kwetu hakuna la kuandika. Andika shamba la baba, safari ya kwenda kuchota maji, majirani zetu waliopokelewa Nyarugusu tangu mwaka 1996.
3. Waulize wazee. Wapo bibi na babu wanaojua hadithi na methali za Kiha ambazo haziko katika kitabu chochote. Kila mwaka tunawazika baadhi yao, na wanakwenda nazo. Likizo hii kila mwanafunzi aandike hadithi moja kutoka kwa mzee wake.
4. Wazazi, daftari si la masomo ya shule tu. Mkimwona mtoto anaandika lisilo la mtihani, msimkemee.
5. Kalamu ni amana. Usiandike uongo, matusi wala fitina, kwani yaliyoandikwa hubaki baada ya mwandishi.

Tunamwomba Allah (S.W.) amsamehe na kumrehemu Sheikh Shaaban Robert, mkewe Amina na Waislamu wote waliotutangulia, na awajaalie watoto wetu kalamu zenye manufaa. Aamin.

Wabillahi Tawfiq.