Luigi Broglio

Luigi Broglio (Mestre, 11 Novemba 1911 – Roma, 14 Januari 2001) alikuwa mhandisi wa anga kutoka Italia.

Alibuni kifaa cha kupimia hewa hafifu ya juu: ganda la setilaiti liliunganishwa na kiini kwa mikono inayonyumbulika, na vifaa vya elektroniki vya ndani vilipima jinsi hewa ilivyolisukuma ganda.

Alichagua pwani ya Malindi, Kenya, kwa kuwa karibu na ikweta mzunguko wa Dunia huiongezea roketi kasi. Setilaiti San Marco 2 ilirushwa huko kutoka jukwaa la baharini tarehe 26 Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei, ikaitwa Uhuru.

Kituo hicho sasa kina jina lake.