Booker Washington Aingia Shule ya Hampton

Booker Washington alizaliwa mtumwa katika shamba moja la Virginia, nchi ya Marekani, kama mwaka 1856. Siku yenyewe hakuijua. Mwaka 1865 vita vya nchi ile vilipokwisha watumwa wakawa huru, naye akaenda na mama yake mpaka Malden, mji wa wapika chumvi, akafanya kazi katika matanuri ya chumvi, na baadaye katika machimbo ya makaa ya mawe.

Alipoingia shule ya Malden mambo mawili yalimtia haya. Watoto wote walivaa kofia, naye hakuwa nayo. Mama yake hakuwa na fedha ya kununua, wala hakutaka kukopa. Akashona pamoja vipande viwili vya nguo nzito, ikawa kofia. Wenzake wengine waliicheka. Jambo la pili lilikuwa jina. Mwalimu alipoita majina, kila mtoto alikuwa na mawili au zaidi, naye alikuwa na moja tu, Booker. Akafikiri upesi, na zamu yake ilipofika akajibu kwa utulivu kwamba yeye ni Booker Washington.

Siku moja machimboni alisikia watu wawili wakizungumza habari za shule ya Hampton, ambako maskini aliweza kulipia chakula chake kwa kazi ya mikono. Akajongea gizani kimya kimya apate kusikia zaidi. Mwaka 1872, akiwa na umri wa miaka kama 16, akashika njia. Mwendo ulikuwa maili 500, na fedha zikamwishia njiani. Katika mji wa Richmond alilala chini ya njia ya mbao, watu wakipita juu yake, na mfuko wake wa nguo ukawa mto. Mchana alipakua vyuma melini, na usiku akarudi kulala pale pale, ili aweke akiba.

Alifika Hampton na senti 50 tu. Mfikirieni kijana huyo, amechafuka kwa safari, nguo zake zimechakaa, amesimama mbele ya mwalimu mkuu, Bibi Mary Mackie. Bibi yule hakumkubali wala hakumkataa. Wengine wakaja wakapokewa, naye akingoja tu. Saa kadhaa zikapita. Ndipo bibi akamwambia achukue ufagio akafagie chumba cha kusomea. Booker alikifagia mara tatu, akapangusa vumbi mara nne, na kusogeza kila kiti. Bibi akaja akatazama pembeni, akatoa leso akaipitisha ukutani na mezani. Haikushika vumbi hata chembe. Basi akapokewa, akapewa na kazi ya kutunza vyumba ili alipe chakula chake.

Lakini kupokewa ni jambo moja, na kuzijua desturi za mahali ni jingine. Kula kwa saa maalumu, kitambaa mezani, kuoga katika chombo cha kuogea, mswaki, yote yalikuwa mageni kwake. Tena kitandani palikuwa na shuka mbili. Usiku wa kwanza alilala chini ya zote mbili. Usiku wa pili akalala juu ya zote mbili. Chumbani mlikuwa na wavulana wengine saba, naye aliona haya kuwauliza. Akawatazama kwa siri, akaona kwamba hulala kati ya shuka ya chini na ya juu, akafanya vivyo hivyo. Nadhani wengi wetu tumewahi kujifunza hivyo.

Alimaliza masomo mwaka 1875. Mwaka 1881 akaanzisha shule Tuskegee, katika Alabama, akawa mkuu wake mpaka alipofariki mwaka 1915. Huko naye alipokea wageni wasiojua shuka, akawafundisha waziwazi namna ya kulala. Alishika sana pia sheria ya mswaki, hata habari zake zikaenea mbali, na wanafunzi wengine wakawa wanafika kutoka vijijini hawana kitu kingine mkononi ila mswaki.