AKILI NI NYWELE: MAISHA YA DAKTARI MARIA MONTESSORI

Katika miji yetu ya Kenya jina Montessori huandikwa kwenye vibao vya shule za chekechea. Wengi wetu twadhani ni jina la mtindo tu, la kuvutia wazazi. La, ni jina la mtu. Tena mtu huyo hakuanza kazi yake na watoto nadhifu waliovaa soksi nyeupe. Alianza na watoto waliofungiwa pamoja na wendawazimu. Kwa vile hapa Magongo pia tunao ndugu na wenzetu ambao akili zao hufanya kazi kwa njia nyingine, nimeona maisha yake yatatufaa.

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle, nchini Italia. Alikuwa mtoto wa pekee. Siku hizo msichana aliyesoma alitarajiwa kuwa mwalimu, basi. Maria akakataa. Aliingia shule ya ufundi akitaka uinjinia, kisha akageuza nia akataka udaktari. Babake hakupendezwa, ila mamake alisimama naye. Chuoni Roma hakuruhusiwa kupasua maiti pamoja na wanafunzi wa kiume, eti si adabu. Ikambidi aifanye kazi hiyo peke yake jioni, wenzake wakishaenda zao. Hebu fikiria, wewe na maiti, na giza linaingia! Hata hivyo mwaka wa 1896 alihitimu, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza Italia kupata shahada ya udaktari.

Baadaye alifanya kazi katika kliniki ya magonjwa ya akili ya Chuo Kikuu cha Roma, akawa anazuru nyumba za wendawazimu. Humo alikuta watoto. Wote walitiwa kapu moja na kuitwa mapunguani. Hakuna aliyeuliza huyu ana shida gani na yule gani. Hata hali tunayoiita leo usonji ilikuwa haijaelezwa. Daktari Leo Kanner aliieleza mwaka wa 1943. Yasimuliwa kwamba siku moja mtunzaji mmoja alilalamika kuwa watoto wale ni walafi, kwani wakimaliza kula hujitupa sakafuni kuokota makombo. Daktari Maria akatazama chumba. Kilikuwa kitupu, hamna hata kitu cha kushika. Akaona kwamba watoto hawakuwa na njaa ya mkate. Mikono yao ilikuwa ikitafuta kazi.

Akavisaka vitabu vya madaktari wawili wa Ufaransa, Itard na Séguin, waliowahi kufundisha watoto wa namna hiyo. Akavitafsiri na kuvinakili kwa mkono wake ili kila neno limkae. Mwaka wa 1900 ilifunguliwa Roma shule ya kuwafunza walimu wa watoto hao, naye akawa mkurugenzi pamoja na Daktari Giuseppe Montesano. Mchana alifundisha, usiku aliandika aliyoyaona. Mtoto aliyeshindwa kukumbuka herufi kwa macho alipewa herufi ya mbao aipapase kwa vidole. Aliyeshindwa kufunga vifungo alipewa kitambaa chenye vifungo ajizoeze polepole, hatua moja baada ya nyingine. Baadhi yao walijua kusoma na kuandika, wakafanya mtihani pamoja na watoto wa shule za kawaida, wakapita. Watu walishangaa na kumsifu. Yeye alijiuliza jambo jingine: ikiwa hawa wamepita, hao tunaowaita wazima wanazuiwa na nini kufika mbali zaidi?

Lakini maisha yake yalikuwa na uchungu. Mwaka wa 1898 alimzaa mwana, Mario, na babake alikuwa huyo Montesano. Hawakuoana. Kwa kuogopa aibu na kupoteza kazi, mtoto alipelekwa shamba kulelewa na watu wengine. Montesano alipooa mke mwingine mwaka wa 1901, Maria aliiacha shule ile. Aliyewatetea watoto wa wengine alikaa miaka mingi bila kuishi na wake. Mario alirudi kwake akiwa kijana, akawa msaidizi wake hadi mwisho.

Tarehe 6 Januari 1907 alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa maskini wa San Lorenzo, Roma. Wazazi walikwenda vibarua, watoto wakibaki wakichafua kuta. Njia aliyoipata kwa watoto waliodharauliwa aliitumia hapo, nayo ikaenea ulimwenguni. Chini ya Mussolini shule zake zilifungwa Italia. Mwaka wa 1939 alikwenda India, vita vikamkuta huko. Alifariki tarehe 6 Mei 1952 huko Noordwijk, Uholanzi, akiwa na miaka 81, wakati alipokuwa akifikiria safari ya kuja Afrika kufunza walimu nchini Ghana.

Sasa turudi kwetu. Hapo jirani, Port Reitz, kuna shule maalumu ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Mtoto wa aina hiyo, mtu akiona gongo lake humpisha. Lakini yule ambaye tofauti yake imo akilini hana gongo la kuonyesha. Nyumbani ataambiwa ana mapepo, shuleni ataitwa mjinga au mtundu, kazini ataitwa mvivu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, yampa haki ya kuheshimiwa na ya kusoma. Haki hiyo lakini hutimizwa na watu, nao ndio sisi.

Nyumbani, mtoto anayeziba masikio honi za matrela zikilia hana kiburi, zinamuumiza. Mpe pembe tulivu, na umwambie mapema kama leo kuna wageni. Shuleni, anayechanganya herufi aruhusiwe kujibu kwa mdomo, akae mbele, apewe muda. Asiyeweza kutulia atumwe kufuta ubao, mikono yake ipate shughuli. Sisi wanafunzi nasi tuache kumcheka. Kazini, fundi wa gereji aweza kuchora ukutani umbo la kila spana mahali pake, na kumpa kijana agizo moja kwa wakati, si matano kwa kelele. Anayependa kupanga vitu vilevile kila siku, mpe stoo aitunze, utashukuru.

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Daktari Maria hakuwabadilisha watoto wale wakawa watu wengine. Alibadilisha chumba, vifaa na mwendo wa kufundisha. Basi kabla ya kumwita mwenzako zuzu, mtazame kwanza mikono yake, uone inatafuta nini.